Printa ya Upande wa Pili

"Itie uone! Itie hiyo sidii!" Mama Isaka alikuwa amesimama kwenye uzio wa minyaa, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupura alizeti. "Printa yangu ikizima, nakuja kuikalia hiyo kompyuta yako kama kuku anayeatamia, na sijui nani wa kuninyanyua."

"Mama Isaka, nimekwambia sijaitia."

"Hujaitia, lakini unayo. Iko wapi?"

"Iko ndani, kwenye droo," Selina alijibu, naye akishindwa kushusha sauti.

"Mtu akiweka sumu ya panya kwenye droo ameiweka ya nini? Ya kuitazama?"

Pale barabarani, Cecilia muuza maandazi alikuwa hageuzi tena chochote kwenye karai. Utingo wa lori alikuwa amepewa andazi akasahau kulitia mdomoni. Kijiji cha Mkiwa ni njia panda, magari ya Itigi, ya Manyoni na ya Singida mjini yote yanapita hapo, na ugomvi mzuri ukianza asubuhi, kabla ya saa sita unakuwa umeshafika pande zote tatu.

Selina na Mama Isaka, ambaye jina lake la ubatizo ni Raheli, walikaa nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta. Kwenye chumba cha mbele cha Selina kulikuwa na kompyuta. Kwenye chumba cha mbele cha Mama Isaka kulikuwa na printa, kubwa, nzito, aliyopewa mradi wa visima ulipofungwa. Alikuwa mpishi wao, fedha zikawaishia, wakamlipa mshahara wa mwisho kwa printa. Ukutani palitobolewa tundu la ukubwa wa ngumi, waya mnene ukapitishwa. Mteja alikuja kwa Selina, akachapiwa barua yake au kadi za mchango wa harusi, Selina akagonga ukuta kwa kisigino cha kiatu, na upande wa pili Mama Isaka akawasha printa na kulisha karatasi. Mteja akazunguka nje kwenda kuchukua kazi yake. Ya kuchapa alilipa huku, ya kutoa karatasi alilipa kule. Wageni walicheka. Wenyeji walishazoea.

Kompyuta iliendeshwa na Linux, si Windows kama za wengine. Virusi vya kwenye flashi za watu vilikwishaila mara mbili, ndipo shemeji yake Selina, Ezekieli, anayesoma chuo Dodoma, akaiwekea hiyo Linux na virusi vikakoma. Sasa Ezekieli alikuwa ametuma kwa basi sidii ya toleo jipya, na Mama Isaka alikuwa na kumbukumbu nzuri. Mara ya mwisho Ezekieli "alipoiboresha kidogo tu," printa ilikaa bubu kipindi chote cha mavuno, watu wana fedha na harusi zimejaa, mpaka akapatikana fundi mjini.

Lakini si hilo lililomleta kwenye uzio asubuhi ile. Cecilia alikuwa amemnong'oneza kwamba Linux mpya ikishaingia, itafuatiwa na printa mpya, ndogo, ya kukaa mezani kwa Selina, na tundu litazibwa. Na Cecilia, kwa mara moja maishani, hakuwa ameongeza chumvi. Selina alikuwa amesema hayo mwenyewe Jumapili, wakitoka kanisani, huku anacheka. Kwa kuwa alicheka, akajiona hajasema.

"Mama Isaka, tutaongea," alisema, akageuka kuingia ndani.

"Tunaongea hapa! Kwani hapa pana nini?"

Palikuwa na watu kumi na ushee, ndicho kilichokuwepo.

*

Aliyeileta balaa yenyewe alikuwa Mwalimu Yohana, mwalimu mkuu. Shule za kata hufanya mtihani wa pamoja, zenyewe huuita mtihani wa ujirani mwema, na Selina ndiye aliyekuwa akiichapa mitihani hiyo kila muhula. Kazi ile ndiyo iliyompa jina. Watu walileta barua zao kwa Selina kwa sababu walijua hata walimu hupeleka kwake.

Juzi yake Mwalimu Yohana alikuja na flashi. Mitihani ilikuwa imetungwa na kamati na kuandikwa kwenye kompyuta mpya ya shule jirani. Selina aliifungua. Vikatokea vimiraba, alama za kuuliza, na herufi zilizorundikana kama taka. Akafunga, akafungua tena. Vimiraba vilevile.

"Vipi?" aliuliza Mwalimu Yohana. Kwenye benchi walikuwapo wateja wengine wawili.

"Mwalimu, imeandikwa kwa programu mpya. Hii yangu haiisomi. Hamwezi kunihifadhia kwa mtindo wa zamani?"

"Nirudi kwa kamati niwaambie waandike kizamani?" Aligeukia benchi ili nao wafaidi. "Dunia inakwenda, mama, wewe umebaki stesheni."

Benchi likacheka. Obadia, mume wa Selina, alikuwa mlangoni anaziba pancha ya baiskeli. Hakucheka, wala hakuinua kichwa. Alikuwa mtu wa reli huyo, Itigi, mpaka siku walipopunguzwa.

"Nakupa mpaka Ijumaa," Mwalimu Yohana alisema, akichomoa flashi yeye mwenyewe. "Isipofunguka napeleka mjini. Na nikishapeleka mjini, muhula ujao usije kuniuliza."

*

"Haiguswi," Obadia alisema baada ya ule ugomvi wa uziani.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inafanya kazi."

"Inafanya kazi gani, Baba Witness? Imemkataa mwalimu mbele ya watu."

"Imemkataa mmoja. Wengine inawachapia."

"Leo mmoja. Kesho watakuja wote na hayo mafaili mapya. Nitamwambia kila mtu arudi akaandike kizamani?"

Obadia aliweka kikombe chini taratibu, dalili kwamba amekasirika kweli. "Reli nayo ilikuwa inafanya kazi. Wakaja watu wa tai. Wakasema inakuja mpya, ya kisasa, tutafurahi wenyewe. Nimefurahi? Niangalie."

"Usinichanganyie reli na kompyuta."

"Ni kitu kimoja! Ile pale ndiyo reli yangu." Alinyoosha kidole kwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. "Kiinua mgongo changu chote ndicho kile pale, umekivisha kitambaa. Sasa unataka huyo mtoto aje afute, aandike upya, abahatishe. Ikifa, utanipeleka kwa nani nikaajiriwe? Kwa Cecilia, nikakoroge unga?"

"Basi itakufa kama reli, mmeikalia mnaitazama."

Hakupaswa kusema hivyo. Alijua kabla neno halijaisha mdomoni. Obadia alichukua kofia yake akatoka, na huko nje akasikika akisalimiana na Mama Isaka kwa heshima zote, Kinyaturu kitupu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Ijumaa Ezekieli alishuka kwenye basi la asubuhi akiwa na mkoba mgongoni. Alimwona Mama Isaka uani akakata kona kwenda kumwamkia, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo mama."

Mama Isaka alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa udongo. Alimtazama kuanzia viatu.

"Hiyo shikamoo mpelekee shemeji yako."

Shikamoo ya mtu kubaki hewani hivyo, tena mbele ya Cecilia na wateja wake, ni afadhali kupigwa kofi. Ezekieli aliingia ndani masikio yamemwiva.

"Shemeji, yule mama nimemkosea nini?"

"Usimjali. Washa mashine."

"Printa ipo? Maana kabla ya kuweka chochote nataka tujaribu. Toleo hili linawaka lenyewe kutoka kwenye sidii, bila kugusa kilichomo. Tunalitazama, tunafungua hiyo mitihani, tunatuma kwenye printa. Likikubali, ndipo tuliweke moja kwa moja. Likikataa, tunatoa sidii, kompyuta inabaki ilivyokuwa."

Selina alishusha pumzi. Kumbe kuna kujaribu. Siku zote wanagombana, na kumbe kuna kujaribu. Alivua kiatu, akagonga ukuta.

Mlio haukuwa ule. Ulikuwa mzito, kama kugonga gunia la mtama. Akatazama. Waya ulikuwa umevutwa, haupo, na tundu limesindiliwa udongo na samadi ya ng'ombe, mbichi bado, alama za vidole zinaonekana.

Alitoka na kiatu kimoja.

"Mama Isaka! Umeziba?"

"Si ulitaka lizibwe? Nimekupunguzia kazi." Mama Isaka alikuwa ananawa udongo kwenye karai. "Uliyasema wapi, kanisani? Mbele za Mungu?"

"Nje ya kanisa."

"Haya, nje ya kanisa. Utaleta printa ya mezani. Ndogo, nzuri, haipigi kelele. Na mimi je? Nikae ukutani nisubiri nani agonge?"

"Ninachotaka ni kujaribu tu. Leo mwalimu anakuja. Bila printa yako siwezi kujua kama..."

"Bila printa yangu!" Mama Isaka alisimama. "Umesikia Cecilia? Anasema bila printa yangu hawezi." Kisha sauti ikashuka, na hiyo ya chini ndiyo iliyouma. "Nilipika miaka kwenye ule mradi. Siku wanaondoka waliniambia hivyohivyo, mama, tunajaribu utaratibu mwingine. Wewe jaribu. Jaribu na hilo shimo lako."

Selina alirudi ndani. Kiatu kingine kilibaki mkononi mwake, hakujua akifanyie nini.

"Weka sidii," alimwambia Ezekieli. "Tujaribu nusu."

*

Sidii ilizunguka, ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Mwalimu Yohana alifika katikati ya ngurumo hizo akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, mguu juu ya mguu. Obadia alisimama mlangoni, bega kwenye fremu.

Picha ilipotokea ilikuwa ngeni, ina rangi nyingine, vitufe vimehamia kwingine. Ezekieli alichomeka flashi. Akabonyeza.

Mitihani ikafunguka. Maswali, majedwali, mchoro wa moyo wa mwanadamu na mishale yake, vyote vimekaa mahali pake kama vilivyoandikwa hapohapo.

"Funika! Funika, huo ni mtihani!" Mwalimu Yohana aliruka. Watu waliokuwa dirishani wakageuza nyuso. Cecilia, ambaye hakuna aliyejua ameingia saa ngapi, aligeuza nusu.

Selina alisogea karibu na kioo. Inafunguka. Inafunguka kirahisi namna hii.

Wakati huohuo pazia la mlango likasukumwa. Mama Isaka aliingia, waya mnene umezungushwa kwenye mkono wake kama kamba ya mbuzi. Alikuwa amesikia kelele, na kuketi upande wa pili bila kuona kulimshinda.

"Nataka nione ikikataa kwa macho yangu," alisema. "Mwalimu yupo, Cecilia yupo, nataka mashahidi. Nimelitoboa tundu tena. Wewe mtoto, chomeka."

Ezekieli alichomeka ncha moja, nyingine akaipitisha kwenye tundu. Mama Isaka akazunguka nje mbio kwenda kwake, na sauti yake ikaja kupitia tundu jipya, pamoja na harufu ya samadi. "Nimewasha! Tuma!"

Ezekieli alituma. Wakasubiri.

"Tuma basi!"

"Nimetuma, mama."

"Hakuna kitu!" Furaha ilikuwa inamwagika ukutani. "Imelala kama maiti! Taa haiwaki! Cecilia, umesikia? Andika kichwani kwako, imelala kama maiti!"

Ezekieli alijaribu hiki, akajaribu kile, jasho likimtoka puani. Toleo jipya halikuiona kabisa ile printa. Alitafuta kwenye orodha ya printa, akajaribu za jina linalofanana, akauchomoa waya na kuurudisha. Hakuna. Mwisho akaegemea nyuma.

"Shemeji, ile printa ni ya makumbusho. Kuihangaikia ni kupoteza muda. Sema neno moja tu, naiweka Linux mpya sasa hivi. Wiki ijayo nakuletea printa ndogo kutoka Dodoma."

"Wiki ijayo?" Mwalimu Yohana alicheka kwa pua. "Mtihani ni Jumatatu. Wiki ijayo watoto watakuwa wanasubiri matokeo."

"Haziwezi kukaa zote mbili?" Selina aliuliza. "Mpya na ya zamani?"

"Diski yenyewe ndogo, imeshajaa kazi za watu. Mpya ikiingia, ya zamani inaondoka."

Mama Isaka alikuwa ameshazunguka, amerudi mlangoni, anahema. Alikuwa amekuja kuona ushindi wake. Lakini aliposikia hayo ya printa ndogo kutoka Dodoma, mdomo aliokuwa ameufungua kwa tusi ulibaki wazi bila tusi.

"Hakuna njia nyingine?" Selina aliuliza.

Ezekieli alikuna shingo. "Ipo. Ya kishamba."

"Sema hiyo ya kishamba."

"Tunafungua mitihani humuhumu kwenye sidii, tunaihifadhi kwenye flashi kwa mtindo wa zamani. Tunazima. Tunatoa sidii, tunawasha ya zamani, unatoa karatasi kwa ile printa. Lakini shemeji, kila akija mtu na faili jipya itabidi ufanye hivyo. Kuwasha, kuzima, kuwasha. Mashine yenyewe ndiyo hii, mmeiona inavyojikongoja. Watu watakaa hapo kwenye benchi wanakucheka."

"Watacheka," Mwalimu Yohana alithibitisha.

Watu wa Mkiwa wanasema siku ile Selina alikuwa na huruma. Si kweli. Aliitaka ile mpya, aliitaka mpaka vidole vinamwasha. Aliona meza yake na printa yake juu yake, mteja akilipa huku tu, bila kugonga ukuta, bila kelele za Mama Isaka kupita kwenye tundu kila wino ukififia. Alimchukia yule mama kwa lile donge la samadi na kwa ile shikamoo ya Ezekieli. Lakini printa ya Ezekieli ilikuwa Dodoma, tena mdomoni mwa Ezekieli. Ya Mama Isaka ilikuwa hapa, inanguruma. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa ameshamwona mtu siku anayoambiwa kwamba mpya imefika na yeye hayumo. Alimpokea mlangoni, akamvua koti, kofia ya reli bado ipo kichwani. Sura ileile sasa ilikuwa mlangoni kwake, imefungwa kanga.

"Hifadhi kwenye flashi," alisema. "Halafu utoe hiyo sidii."

"Shemeji!"

"Hatuhamii."

"Yaani nimepanda basi toka Dodoma..."

"Umesikia shemeji yako," Obadia alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile. Mkewe hakumtazama. Hakutaka mumewe adhani ameshinda, maana hakuwa ameshinda.

*

Hakuna aliyemshukuru mtu. Kutwa nzima ilikuwa kugonga na kubwatukiana.

"Karatasi hizi ni nyepesi, zinakwama! Umenunua wapi, kwa mangi wa takataka?"

"Zipepee kabla ya kuziweka, Mama Isaka, si nilishakwambia!"

"Unifundishe printa yangu!"

Mwalimu Yohana alikaa kwenye kigoda chumbani kwa Mama Isaka kulinda mtihani usivuje, naye akapata fungu lake. Aliambiwa aondoe miguu, aliambiwa ashike rundo, aliambiwa mwalimu gani huyu hajui kupanga kurasa. Mistari ya jedwali moja ilikuwa imehama kidogo, akalalamika, na Mama Isaka akamwambia achukue rula. Aliuchukua mzigo wake jua linaelekea kuzama, vumbi la wino limempaka shati jeupe.

"Muhula ujao tutaangalia," alimwambia Selina. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alifunga mzigo kwenye karia ya baiskeli akaenda.

Cecilia naye alifunga genge lake. Alikuwa na habari ya wiki nzima.

Ndani Obadia alikuwa ananawa. Ezekieli alikuwa amenuna kwenye kona ya meza, ila basi la jioni lilikuwa limeshapita na njaa haina kununa. Selina alikuwa ameshika upawa alipomwona Mama Isaka mlangoni, rimu ya karatasi iliyobaki iko kifuani.

"Karatasi zako."

"Weka hapo kwenye benchi."

Aliweka. Hakuondoka.

"Usifikiri nimesahau," Mama Isaka alisema. "Ulinisema mbele ya kanisa zima."

"Na wewe umenisindilia mavi ya ng'ombe ukutani."

"Na hiyo mpya bado unaitaka."

"Naitaka. Tena sana."

"Siku utakayoiweka?"

"Siku hiyo tutagombana tena. Wala haitakuwa mbali."

Mama Isaka aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei aliyoitegemea. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Kwake hakukuwa na moshi, jiko halikuwashwa siku ile.

"Umekula?" Selina aliuliza, kwa ukali.

"Nikale saa ngapi? Nimesimama na hilo dude tangu asubuhi."

"Ezekieli, sogea huko. Mama Isaka, ingia ule."

"Nina hasira na wewe, Mama Witness. Sikufichi."

"Ingia nazo," Selina alisema, akiinama kuchukua jagi la maji ya kunawa. "Ugali unapoa."